Kimbunga cha Baharini na Sisi Wakaao Mlimani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeziumba bahari na milima, akazipeleka pepo kwa amri yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Katika darasa yetu ya baada ya Maghribi, hapa Kapsokwony, mzee mmoja ambaye twamheshimu kwa umri wake na kwa kudumu kwake katika safu ya mbele, alitutupia suala ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule kama ilivyopasa. Alisema: "Wanangu, mwaka wa 2024 wale wa hali ya hewa walitwambia kuna kimbunga chaja kutoka baharini, chaitwa Hidaya. Skuli zikafungwa, wajukuu zangu wakakaa nyumbani. Kimbunga chenyewe hatukukiona. Basi je, hawa si wapigaji ramli kama wale mnaotukataza kwenda kwao? Na mwenye kuwasadiki hajatoka katika dini?"

Baadhi ya vijana walicheka, na hilo lilikuwa kosa, kwani suala la mzee si la kuchekwa. Ndani yake mna mambo matatu yaliyofungamana: ilmu ya ghaibu, kumtegemea Mwenyezi Mungu, na roho za watu. Tumeona tuliandike jawabu ili liwafikie na wale ambao hawakuwapo.

Kwanza tuyaeleze yaliyotokea, kwani wengi wetu tuliyapata vipande vipande. Mwanzo wa mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilikusanyika katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani ya Tanzania. Idara ya hali ya hewa ya Tanzania ikawa yatoa khabari zake mara kwa mara: kiko wapi, chaenda upande gani, na kwa kasi ya kiasi gani. Vyombo baina ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wasitoke. Hapa Kenya, ambako tayari watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamekwisha kufa kwa mafuriko ya masika yale, tarehe 3 Mei Rais alitangaza kuwa skuli hazitafunguliwa mpaka itolewe amri nyingine, na katika khotuba yake akakitaja kimbunga hicho. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia hali kimekwisha kupungua nguvu, kisha kikasambaratika. Mvua kubwa ikanyesha Lindi na Mtwara, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda huko ikakatika. Skuli zetu zikafunguliwa tarehe 13.

Basi mzee wetu anaposema kuwa kimbunga hatukukiona, asema kweli kwa upande wa Kapsokwony, mahali palipo zaidi ya kilomita 700 kutoka pwani. Lakini watu wa Kilwa na Mafia walikiona. Na hao waliowaonya hawakusema uongo: walisema kilichopo na kile kinachotarajiwa, kisha kilipopungua wakasema kimepungua. Mpiga ramli, ndugu zetu, hatakwambia siku ya pili kuwa jambo limegeuka. Atakwambia mbuzi uliyemtoa ndiye aliyeligeuza!

Tofauti ni hii. Mpiga ramli adai kuijua ghaibu pasipo njia. Mwanachuoni wa hali ya hewa hutazama njia ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka, akakisia kwa dhana yenye nguvu. Kimbunga cha aina hii hakizuki hivi hivi. Chahitaji maji ya bahari yenye joto lisilopungua kiasi cha digrii 26 na nusu, na joto hilo liwe limeshuka chini hadi kina kikubwa. Maji hupanda kuwa mvuke, mvuke ukipoa juu hugeuka matone na kuitoa ile hari iliyokuwamo ndani yake, na hari hiyo ndiyo huvuta hewa nyingine kutoka chini. Pakawa pazunguka mfano wa gurudumu ambalo makaa yake ni bahari. Huku kusini ya Ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Tena Mwenyezi Mungu ameijaalia dunia kwamba karibu na Ikweta, kiasi cha digrii tano kila upande, mzunguko wake hauna nguvu ya kuipinda hewa hata ikafanya kimbunga. Kwa hiyo Mombasa na Lamu zimehifadhika zaidi kuliko Lindi, na Lindi kuliko Beira. Mambo haya hutazamwa kwa mitambo iliyo angani, na kituo cha Ufaransa kilichoko kisiwa cha Réunion ndicho kinachoangalia vimbunga vya upande wetu wa bahari na kuzipasha khabari nchi zote. Hapana jini humo wala nyota.

Na hapa twakumbuka khabari ya Hudaibiya. Mvua ilinyesha usiku, na baada ya sala ya Alfajiri Mtume (S.A.W.) akawafahamisha masahaba kwamba katika waja wa Mwenyezi Mungu wako walioamka wakimuamini Yeye, nao ni wale wanaosema tumenyeshewa kwa fadhila zake, na wako walioamka wakimkanusha, nao ni wale wanaosema nyota fulani ndiyo iliyotunyeshea. Kilichokatazwa ni kuipa nyota uungu, yaani kuifanya kuwa ndiyo yenye kutenda. Ama kusema kuwa wingu likija kutoka upande fulani huleta mvua, hilo alilijua kila bedui, na manahodha wetu walilijua vizuri zaidi. Ahmad bin Majid, baharia wa Julfar wa karne ya 15, aliandika kitabu kizima kueleza misimu ya kusafiri na hatari ya kuikiuka. Wazee wa pwani waliujua wakti wa kaskazi na wakti wa kusi, na wakti ambao bahari hufungwa, na hakuna sheikh aliyewaambia kuwa wamekufuru kwa kuvuta vyombo pwani. Lau ilmu ya mitambo ni kufuru, basi na ilmu ya nahodha ilikuwa kufuru, na watu hawangalifika Makka kuhiji.

Naye Mwenyezi Mungu, mwisho wa Sura ya Luqman, ametwambia kuwa ilmu ya saa ya Kiama ni yake, na kwamba Yeye ndiye ateremshaye mvua, na kuwa hapana nafsi ijuayo itakufa ardhi gani. Haya twayaamini kwa ukamilifu wake. Mwenye kukisia mvua ya kesho hakuiteremsha, wala hana yakini. Tabibu akikwambia homa hii ukiiacha itakuua, hajadai kuijua ajali yako.

Sasa tuingie katika neno ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Baada ya kimbunga Chido kukipiga kisiwa cha Mayotte tarehe 14 Disemba 2024, kimbunga ambacho walisema hakijapata kuonekana mfano wake kisiwani humo kwa muda wa miaka tisini, zilipita katika simu za watu wetu sauti za mawaidha zikisema kuwa wale wameangamizwa kwa madhambi yao kama walivyoangamizwa watu wa Adi. Twajua watu wa Mayotte ni akina nani. Walio wengi ni Waislamu, ndugu zetu wa Ngazija na Nzuani kwa damu na kwa madhehebu. Na walioumia zaidi ni wale maskini waliokuwa wakikaa katika vibanda vya mabati milimani, wengi wao wageni wasio na karatasi. Iliripotiwa kuwa baadhi yao walisikia onyo lakini wakaogopa kukimbilia mahali pa hifadhi wasije wakakamatwa. Huyo atoaye mawaidha amejuaje kuwa Mwenyezi Mungu amewalaani?

Mtume wetu (S.A.W.) alipowahesabu mashahidi alimtia aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Basi mtu ambaye Mtume amemwita shahidi, sisi tumwite mal'uni? Na siku alipokufa mwanawe Ibrahimu jua likashikwa, watu wakasema limeshikwa kwa msiba ule. Lau angalitaka utukufu wa dunia angalinyamaza. Lakini alisimama akawafunza kuwa jua na mwezi ni dalili mbili katika dalili za Mwenyezi Mungu, hazishikwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Amelivunja neno lile ijapokuwa lilimtukuza mwanawe mwenyewe, na sisi twalirudisha ili kuwatukana maiti wa wenzetu.

Atasema msemaji: Je, Mtume mwenyewe hakuwa akiogopa alionapo wingu, uso wake ukabadilika, akaingia na kutoka, mpaka Bibi Aisha akamuuliza, naye akawataja watu wa Adi? Twasema naam, ni kweli. Lakini tazama aliogopa kwa ajili ya nani. Alijiogopea yeye na watu aliokuwa nao. Hakukaa mbali akaitazama dhoruba ya wengine na kuwahesabia madhambi yao. Baina ya khofu hiyo na hukumu hii pana umbali mkubwa.

Na katika Sura ya Rumi, aya ya 41, Mwenyezi Mungu ametwambia kuwa uharibifu umedhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, ili awaonjeshe baadhi ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Wafasiri wa zamani walitaja ukame, na kupungua kwa riziki, na dhulma za njiani na baharini. Sisi leo twaona maana nyingine haikatazwi kuongezwa. Joto lililozidi duniani kwa sababu ya moshi wa makaa na mafuta, zaidi ya sehemu tisini katika mia limeingia baharini. Bahari ya Hindi ni miongoni mwa bahari zilizopata joto kwa haraka. Bahari ikiwa na joto, kimbunga kikizuka hupata kuni nyingi zaidi. Na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, kiasi cha sehemu saba katika mia kwa kila digrii moja. Hatusemi kuwa vimbunga havikuwapo zamani. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini na kuing'oa mikarafuu, hata ikawa Pemba iliyosalimika ndiyo iliyoshika biashara ya karafuu tangu hapo. Lindi ilipigwa mwezi wa Aprili 1952. Lakini mwaka wa 2019 Msumbiji ilipigwa mara mbili katika msimu mmoja, kwa Idai Beira mwezi wa Machi na kwa Kenneth huko Cabo Delgado tarehe 25 Aprili, jambo ambalo halikupata kuandikwa kabla yake kwa vimbunga viwili vyenye nguvu namna ile.

Hapa pana swali gumu, nasi hatutaki kulikwepa. Mikono iliyochuma ni ya nani? Waliochoma makaa kwa miaka mia mbili si wavuvi wa Kilwa, wala si wakulima wa Kapsokwony. Viwanda viko mbali, na mauti yako hapa. Jawabu twaliona katika Sura ya Anfal, Mwenyezi Mungu anapotuhadharisha na fitna ambayo haitawapata waliodhulumu peke yao. Yaani balaa la pamoja halichagui. Na kwa ajili hiyo hasa haiwezekani kumtazama aliyezama ukasema huyu ndiye mkosa.

Mzee wetu aweza kusema: Mimi niko juu ya mlima, bahari yanihusu nini? Bahari ndiyo shamba lako, mzee. Mwezi wa Machi 2019, wakti tulipokuwa tumekwisha kulima twangoja kupanda mahindi, Idai kilikuwa kikivuta unyevu kuupeleka Msumbiji, na masika yakachelewa katika sehemu nyingi za Kenya. Mara nyingine kimbunga kikikaa mashariki ya Bukini huvuta upepo wa magharibi kutoka misitu ya Kongo, na upepo huo huleta mvua nyingi upande wetu. Tena mwisho wa mwaka ule ule wa 2019 maji ya bahari upande wa Afrika yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua za vuli zikapita kiasi, na usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba milima ya Pokot Magharibi ikaporomoka ikaua watu kwa makumi. Jambo la mfano huo lilitokea mwaka wa 1961, katika zile mvua ambazo wazee huziita za Uhuru, hata Ziwa Nyanza likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka iliyofuata. Na katika mlima wetu huu huu, upande wa Uganda, Bududa iliporomoka tarehe 1 Machi 2010, na Bulambuli tarehe 27 Novemba 2024. Mlima Elgon haujui mpaka wa serikali.

Sasa tukiri kosa letu. Katika masika ya 2024 ndugu mmoja wa darasa hii, ambaye nyumba yake iko chini ya mteremko mkali, alimwendea mtu mmoja ambaye watu humsikiliza, akamuuliza kama ahame kwa muda, kwani alikuwa ameona ufa shambani. Akaambiwa kuhama ni upungufu wa tawakali, na akapewa karatasi iliyoandikwa aitundike mlangoni. Tuliisikia khabari hiyo nasi tukanyamaza, tukasema tusije tukazua fitna katika msikiti mdogo kama huu. Ufa haukuporomoka. Lakini mvua mbili zikipita salama na ya tatu ikaja na watoto wale wamelala, kunyamaza kwetu tutakujibu nini?

Bwana Umar bin Khattab alipokuwa njiani kwenda Shamu akaambiwa kuna tauni, alishauriana na watu kisha akarudi. Abu Ubaida akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kuwa aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde mbili, moja lenye majani na moja kavu: popote alishapo ni kwa kadari. Basi aliyehama chini ya mteremko amehama kwa kadari, na karatasi ya mlangoni haikuwekwa na Mtume wala na Umar. Tena sheria yenyewe imetuondolea uzito: Ibn Abbas siku ya mvua na matope alimuamuru muadhini awaambie watu wasali majumbani kwao, hata Ijumaa. Ikiwa sala ya jamaa imeachwa kwa matope, itakuwaje kulala chini ya mlima uliopasuka ndio kuwe ibada?

Ama dua, hiyo ndiyo silaha yetu, lakini tuifahamu. Mvua ilipozidi Madina, Mtume (S.A.W.) aliomba iwazunguke isiwe juu yao, iangukie vilimani na matumboni mwa mabonde na mahali pameapo miti. Mwanafunzi mmoja alituuliza: Sisi tunaokaa vilimani tuombeje? Suala hilo lilitupendeza sana. Twaonavyo, Mtume aliomba maji yaende mahali yatakapofaa yasidhuru, na akaitaja miti. Kilima chenye miti huyapokea maji. Sisi tumeikata miti ya Elgon kwa makaa na kwa shamba la viazi, tukaacha mteremko mtupu, kisha twaitikia amin. Dua ile yahitaji kilima chenye miti cha kuishukia.

Na maji yanayotoka hapa hayakomei hapa. Huingia Nzoia, yakateremka hadi Budalang'i, na kule wako watu ambao kila mafuriko huacha nyumba zao. Mtume alipiga mfano wa watu wa jahazi moja, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa tundu ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa wote huangamia. Sisi ndio tulio juu, na tundu tumelitoboa sisi, na waliotangulia kuzama ni wa chini.

Kwa hiyo twamjibu mzee wetu, na twamuomba atuwie radhi kwa kicheko cha vijana: kuwasadiki wenye kuonya kwa dalili si kufuru, na onyo lisilotimia ni neema ya kushukuriwa. Aonaye ufa mpya ardhini, au mti uliokuwa wima ukainama, au chemchemi iliyozuka mahali pakavu, au mto uliogeuka tope ghafla bila mvua kunyesha hapo alipo, naahame usiku ule ule na amwamshe jirani yake, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Asingoje fatwa.

Yule ndugu wa mteremkoni tulimwendea Jumamosi iliyopita, watu watano. Karatasi ameiondoa mwenyewe. Tumekubaliana kuwa mvua zikianza yeye na watoto wake watalala katika chumba kilicho nyuma ya msikiti, na magodoro mawili yamekwisha kupatikana, yasalia mablanketi. Mwenye nalo naalilete darasani siku ya Alkhamisi, na miche ya miti itagawiwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Alasiri.

Wabillahi taufiki.